Vifungo vya Waungwana, Wanga wa Madobi

Tukitazama picha za zamani za waungwana wa Ulaya na Marekani, jicho hukimbilia kofia, fimbo na saa ya mnyororo. Vifungo vya mikono ya shati huonekana kwa shida, kwa kuwa koti huvifunika na kuviacha vikichungulia tu kwenye kiwiko cha mkono kinapokunjwa. Leo wanaosimulia habari zake zaidi ni wauzaji na wakusanyaji wa vitu vya kale, nao hutueleza dhahabu, vito na majina ya masonara. Katika insha hii ninadai kwamba simulizi hiyo imeanzia mahali pasipostahili. Kilichoviingiza vifungo hivi katika vazi la kila siku la muungwana ni wanga (wa nguo, si wa usiku), na nyuma ya wanga alikuwapo mwanamke mwenye pasi.

Kwanza, kifaa chenyewe. Kifungo cha kawaida hushonwa upande mmoja na kupenya tundu la upande wa pili. Hiki hakishonwi. Ni vichwa viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo mfupi au kijiti, navyo hupita katika matundu ya pande zote mbili za pindo la mkono na kuzishika pamoja. Kabla yake pindo lilifungwa kwa utepe. Katika karne ya 17 vifungo vya jozi vilianza kuchukua nafasi ya utepe, na hadi sasa katika mashamba ya Uingereza hufukuliwa vya fedha vyenye mioyo miwili chini ya taji, ambavyo kwa kawaida huhusishwa na ndoa ya Mfalme Charles II na Catherine wa Braganza ya mwaka 1662.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Shati jeupe lilitiwa wanga kifuani, kwenye kola na kwenye mapindo ya mikono, hata pindo likawa gumu kama kadibodi. Kifungo kidogo cha kushonwa hakikulimudi. Kile cha jozi kililimudi, tena kilikuwa na faida nyingine: shati linapokwenda kwa dobi, chenyewe hubaki mezani. Ugumu huo ulikuwa na maana yake. Mtu mwenye pindo jeupe lililokakamaa hawezi kushika jembe wala nyundo, na kila amwonaye anajua.

Lakini weupe huchakaa kwa siku moja. Ndiyo maana kola na mapindo ya kuvuliwa peke yake yakapendwa, hata na makarani wenye shati moja au mawili. Mji wa Troy, katika jimbo la New York, ulijulikana kwa bidhaa hizo. Inasimuliwa kuwa mwaka 1827 Hannah Lord Montague, mkazi wa mji huo, alichoka kufua mashati mazima ya mumewe kwa sababu ya kola tu, akaikata kola na kuifua peke yake.

Kufikia miaka ya 1860, wanawake wa Troy, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walifua, walitia wanga na kupiga pasi kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa dola 2 au 3 kwa wiki. Mashine mpya za kutia wanga zilikuwa na joto kali na ziliwaunguza mikono. Februari 1864 Kate Mullany, msichana wa miaka 19 hivi, aliongoza wenzake wapatao 300 katika mgomo. Wiki haikuisha kabla ya waajiri kukubali nyongeza ya asilimia 25. Mgomo wa mwaka 1869 ulishindwa. Kola za karatasi, za kuvaa na kutupa, zilikuwa tayari sokoni, na tishio hilo liliwapunguzia nguvu madobi. Mwaka uliofuata chama chao kilivunjika.

Baadaye viwanda vilifanya vifungo navyo kuwa rahisi. Huko Newark, kampuni ya Krementz ilitengeneza kwa mashine vifungo vya kola na vya mikono, na mtu wa kipato cha kawaida akaweza kuvinunua. Mapindo laini yenye kifungo cha kushonwa yalipoenea katika karne ya 20, vile vya jozi vikarudi kuwa pambo la harusi na karamu.

Mnunuzi wa leo huchukua lenzi na kutafuta nyuma ya kifungo cha kale alama ya nanga, ambayo tangu mwaka 1773 imeonyesha kuwa madini yake yalipimwa Birmingham. Kando ya nanga huwa kuna herufi ya mwaka, na mara nyingi herufi za jina la mtengenezaji. Pindo la shati halikupigwa alama ya aliyelinyoosha. Hata hivyo nyumba ya Mullany bado imesimama huko Troy, na tangu mwaka 2004 serikali ya Marekani inaitambua kuwa mahali pa kihistoria pa taifa.