Miaka Minane ya Kungoja Bomba

Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu huko Murray Hill, New Jersey, aliwapigia wenzake chapa waraka mfupi. Alitaka programu ziungane kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kuichakata data kwa namna nyingine, unaongeza kipande.

Wazo halikuwa geni kabisa. Mwaka uliotangulia, Melvin Conway alikuwa amechapisha makala kuhusu programu ya kutafsiri lugha za kompyuta ambayo sehemu zake zilipokezana kazi: moja ikitoa kitu, nyingine ikikipokea, kisha ya kwanza ikiendelea palepale ilipoishia. McIlroy alitaka upokezanaji huo utoke ndani ya programu moja na kuunganisha programu zilizoandikwa na watu mbalimbali.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, katika maabara hiyohiyo. Mashine yao ya PDP-11 ya miaka ya mwanzo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya kilobaiti 512. Ukitaka kupanga orodha kisha kuichapisha, programu ya kwanza iliandika faili la muda, ikamaliza, ya pili ikalisoma, nawe ukabaki na kazi ya kulifuta. McIlroy, aliyekuwa mkuu wa idara, alimrudia Thompson tena na tena na mapendekezo ya namna ya kuandika amri za kuunganisha programu. Baadaye alisema kwamba hilo ni mojawapo ya mambo machache ambayo nusura ayalazimishe kwa cheo chake.

Mwanzoni mwa 1973 Thompson alikubali. Kwa masimulizi ya McIlroy, kazi yote aliifanya usiku mmoja, na kesho yake ofisi nzima ilikuwa inaunga programu kwenye mstari mmoja wa amri. Ikabidi amri nyingi zirekebishwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sort, programu ya kupanga orodha, ingeombwa kupanga data isiyotoka kwenye faili lenye jina.

Kiungo hicho kati ya programu ndicho bomba, na uhondo wenyewe umo ndani yake. Kiini cha Unix kilitenga ghala dogo. Likijaa, programu inayoandika inalazwa usingizi hadi msomaji apunguze; likiwa tupu, anayelala ni msomaji. Mwandishi akifunga upande wake, msomaji hupewa taarifa kwamba mkondo umekwisha. Hakuna anayemjua mwenzake, wala lugha aliyoandikwa kwayo. Bomba hubeba baiti tu, kwa hiyo programu ya asembli na ya C, lugha iliyokuwa ikichipukia hapo, zilifuatana kwenye foleni moja bila shida. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote.

Dosari zilijitokeza. Alama ya kwanza ya kuungia ilikuwa ileile ya kupeleka matokeo kwenye faili, ikawachanganya watu. Kabla mwaka haujaisha ikawekwa mstari wima unaotumika hadi leo. Tena, ujumbe wa makosa ulipita bombani pamoja na data, na mara kadhaa mashine ya kupangia herufi za vitabu ilipanga makosa hayo badala ya maandishi. Ndipo ukaongezwa mkondo wa pili wa kutoa, mahususi kwa makosa.

Baadaye lugha zenyewe zikajijengea mikondo. Java ya 1996 iliruhusu mkondo mmoja kuvikwa juu ya mwingine. Python 2.2, mwaka 2001, ilileta yield, neno la kutoa kitu kisha kuendelea palepale ulipoishia, na upokezanaji wa Conway ukawafikia waandishi wa kawaida. Java 8, mwaka 2014, ilipanga hatua za kuchuja na kubadili data, lakini hakuna hatua inayoanza hadi ya mwisho idai matokeo.

Node.js ya Ryan Dahl, mazingira ya kuendeshea programu yaliyotoka 2009, ilikutana na mtihani mgumu zaidi, kwani kanuni yake ni kutomlaza yeyote. Anayeandika huendelea na kazi zake hata ghala likijaa. Hupewa tu jibu kwamba limejaa, kisha taarifa likipungua. Amri yake ya kuunga mikondo hulizingatia jibu hilo yenyewe. Anayeunga kwa mkono akaacha kulisoma, data hujilimbikiza kwenye kumbukumbu mpaka programu inakufa.