Kupaza na Kukuza: Istilahi Moja ya Wapiga Besi

Mpiga gitaa la besi wa Songea akisema kipaza sauti kimeharibika, fundi hana budi kuuliza: kipi? Jina hilo moja limebebeshwa vyombo vitatu: kinachopokea sauti mdomoni mwa mwimbaji, kinachoiongezea nguvu, na spika inayoitoa.

Katika mganda, ngoma iliyoenea mwambao wa Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mchezaji alitosheka na kibuyu chake: aliimba ndani yake, na utando wa buibui uliobandikwa tunduni ukaikoleza sauti. Umeme ndio uliozitenga kazi hizo. Gitaa la besi alilolitoa Leo Fender nchini Marekani mwaka 1951 lilidai nguvu kubwa na spika pana, kwani sauti ya chini husukuma hewa nyingi.

Hapo ndipo "kupaza" kunapopwaya. Asili yake ni kupaa, yaani kwenda juu. Nayo besi haitakiwi kupaa hata kidogo, bali ikue ikiwa pale pale chini. Kwa maoni yetu, chombo cha kati kistahili kuitwa "kikuza sauti". Wanamuziki wenyewe husema amplifaya, wala hatuwalaumu: hawawezi kungoja kamati nao wana dansi la kupiga jioni.