Umeme ulikatika Njombe, dawa ikatoka Makambako

Nilikuwa Njombe, na baridi ya kule mnaijua. Jamaa yangu anaandika programu ya hesabu za wauza mbao. Usiku umeme ukakatika, kompyuta ya mezani ikazimika, asubuhi Git ikagoma: ndani ya hazina yake kuna mafaili matupu. Kazi ya miezi minane, jamani!

Turudi nyuma kidogo. Git ilizaliwa Aprili 2005. Wajenzi wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper bure, ruhusa ikaondolewa, Linus Torvalds akaandika chombo chake. Alianza tarehe 3. Tarehe 7 Git ilikuwa tayari inajitunza yenyewe. Alitaka uharibifu usijifiche, kwa hiyo kila kinachohifadhiwa hupewa jina la tarakimu na herufi 40, linalokokotolewa kwa SHA-1 kutoka kwenye yaliyomo. Badili nukta moja tu, jina na yaliyomo havilingani tena.

Ila lazima mtu akague. Waulizeni KDE. Machi 22, 2013 seva yao kuu ilizimwa kwa matengenezo. Ilipowaka, mfumo wa mafaili umeharibika. Seva za nakala zikafuata mkumbo, maana zilikuwa zinaiga tu bila kukagua. Hazina zipatazo 1,500 hatarini! Seva moja ndiyo iliyobaki na nakala nzima. (Baada ya kusoma hiyo niliacha kumcheka jamaa.)

Basi tukanakili folda yote kwanza, tusije tukaharibu zaidi. Kisha git fsck --full. Ikataja vitu viwili, kwa majina yao marefu. Mwenzake wa Makambako alikuwa amevuta kazi dakika chache kabla ya giza, nikapanda basi na flashi, kilomita 60 hivi. Nikarudi na nakala yake, tukaondoa mafaili matupu, kitu cha kwanza kikapatikana.

Cha pili hakikuwepo Makambako. Kilikuwa toleo la faili moja aliloongeza mwishoni kabisa, mwenzake akiwa ameshavuta. Lakini faili lenyewe bado lilikuwa kwenye folda, zima. Tukalipitisha kwenye git hash-object -w, tukakodoa macho, tukalinganisha herufi kwa herufi. Jina lilelile. fsck tena: hakuna kilichokosekana.