Makinda ya Oktoba

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Wabelgiji waliopanga mitaa yake iliyonyooka walikuja kwa ajili ya shaba. Ndege hawakuwamo katika hesabu zao, lakini nao walipata makao: jakaranda kando ya barabara, miembe ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba), na upenyo chini ya mabati.

Shomoro wa nyumbani hata si mwenyeji. Aliletwa Afrika Kusini na watu, akaenea kaskazini akifuata makazi yao, na miaka ya 1960 alikuwa ameshaingia Zambia. Leo anapiga kelele juu ya paa la Lubumbashi kana kwamba hati ya lupango iko kwa jina lake.

Paa hilohilo ndilo linalomponza. Mji umekaa kwenye mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni watu hutafuta blanketi. Oktoba mambo hugeuka: mvua bado, joto linapita nyuzi 30, na bati linawaka. Kinda hujisogeza ukingoni mwa kiota akitafuta hewa, kisha huyo, puu, chini.

Watoto wakimwokota ameachama, husema ana njaa. Analetewa tonge la bukari, yaani ugali, pengine na maziwa. Maskini! Ndege hatoki jasho. Huachama na kuhema ili apoe. Anachotaka kwanza ni kivuli. Maji ya kumiminiwa mdomoni huweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumwua.

Kinda asiye na manyoya hurudishwa kiotani, au kwenye kikapu kidogo kilichofungwa karibu na kiota hicho. Ile hofu kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu haina msingi. Kinda wa shorewe, ndege wa mwembeni, mwenye manyoya na anayerukaruka chini, kwa kawaida hajapotea: wazazi wanaendelea kumlisha hapohapo. Paka ndiye afungiwe, basi.

Tangu 2006, kituo cha J.A.C.K. mjini hapa kinalea sokwe waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Shorewe hahitaji kituo kama hicho. Anahitaji mwembe, na miti inazidi kupungua: misitu ya miombo kuzunguka mji imegeuka makaa, na ndani ya lupango shina hukatwa ili kijengwe chumba cha kupangisha.