Trakehnen, Milki ya Farasi

Katika ncha ya mashariki ya ufalme wa Prussia, nchi iliyokwisha kufutwa katika ramani na ambayo ardhi yake ya upande ule sasa ni jimbo la Kaliningrad la Urusi, palikuwapo kwa zaidi ya miaka 200 kaumu ya watu ambao riziki yao, fahari yao, na hata nyumba walizozaliwa ndani yake, vyote vilitokana na farasi. Milki yao iliitwa Trakehnen, na aliyeiasisi mwaka 1732 alikuwa Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza, mtu bahili wa kila kitu isipokuwa jeshi.

Mfalme huyo alirithi nchi iliyopigwa na tauni. Kati ya mwaka 1709 na 1711 maradhi yaliwafyeka watu wa Prussia ya Mashariki hata vijiji vizima vikabaki mahame, naye akaazimia kuiamirisha tena kwa wahamiaji, wakiwamo Waprotestanti waliofukuzwa Salzburg kwa ajili ya dini yao. Bonde la mto Pissa lilikuwa kinamasi kitupu. Akawatia askari wake wachimbe mifereji, maji yakatoka, majani yakaota, kisha akaamuru farasi zaidi ya elfu moja waliotawanyika katika mazizi yake mbalimbali wakusanywe mahali pamoja. Mifereji ile haikuwa na kazi ya kutoa maji tu. Wapanda farasi wa zama za baadaye walisimamisha ugo katikati ya mfereji na kuwarusha juu yake farasi vijana ili kuupima moyo wao, maana farasi aonapo shimo chini ya kikwazo hutaka kusita. Na kikwazo cha namna hiyo kingali kikitumika katika mashindano hadi leo, nacho huitwa kwa jina la Trakehnen.

Mwanawe, Friedrich Mkuu, alipewa milki hiyo naye yungali mrithi wa ufalme, lakini kwake ilikuwa chemchemi ya mapato zaidi kuliko kitu cha kushughulikia. Alipofariki mwaka 1786 ikaingia mikononi mwa serikali, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza kwa dhati. Bwana Lindenau, aliyekabidhiwa usimamizi, aliwakagua farasi mmoja mmoja, akaondoa karibu theluthi mbili ya madume na majike wengi, bila ya kujali ukubwa wa nasaba zao. La maana zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba wakulima wa jimbo zima walifunguliwa mlango wa kupandisha majike wao kwa madume ya serikali. Maana kwa tendo hilo ufugaji ulitoka katika ua wa sultani ukaingia katika mazizi ya raia, na faida yake, kama tutakavyoona, ilionekana karne moja na nusu baadaye. Ikaletwa damu ya farasi wa Kiingereza wa mbio, na ya farasi wa Kiarabu, ambaye sisi wa pwani twamjua kwa sifa kuliko kwa macho, maadamu mbung'o na maradhi havikumpa nafasi ya kuzagaa katika bara letu.

Trakehnen ilipostawi ilikuwa na kama hekta 6,000 na watu zaidi ya 3,000, wakiwa na skuli yao, hospitali, duka la dawa na hoteli ya wanunuzi. Majike walitengwa makundi kwa rangi zao, weusi mbali na wekundu mbali, kila kundi na shamba lake na masaisi wake. Na aghalabu kazi ya usaisi ilirithiwa, baba akimfundisha mwana. Farasi aliyezaliwa katika milki yenyewe alipigwa chapa ya moto pajani, alama ya upande mmoja wa pembe za elki, yule kulungu mkubwa wa kaskazini. Wa wakulima walipata pembe mbili. Mnunuzi mkubwa alikuwa jeshi, ambalo maafisa wake walizunguka kila mwaka wakichagua farasi wa miaka mitatu.

Kuishi kwa jeshi kulikuwa na gharama yake. Mara nne, mwaka 1794, 1806, 1812 na 1914, vita viliikaribia milki, na mara zote nne farasi walihamishwa, kisha wakarudi wale waliosalimika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ujerumani likabanwa kwa mkataba lisizidi askari 100,000, soko likapungua, na wafugaji wakalazimika kutafuta farasi mnene kidogo, afaaye kwa jembe na kwa michezo. Hawakushindwa: katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 farasi Kronos na Absinth wa nasaba hiyo walitwaa nafasi ya kwanza na ya pili katika mashindano ya mwendo wa adabu.

Mara ya tano haikuwa kama zile nne. Mwaka 1944 jeshi la Kisovieti lilikuwa karibu kuvuka mpaka, ilhali Erich Koch, mtawala wa jimbo kwa niaba ya Hitler, aliharamisha maandalizi yoyote ya kuhama, akiyahesabu kuwa ni usaliti. Ruhusa ya kuiondoa Trakehnen ilitolewa Oktoba, saa ya mwisho kabisa. Na wengi wa farasi wa serikali, ingawa walivushwa magharibi, waliangukia mikononi mwa Wasovieti hukohuko walikopelekwa. Wakulima waliachwa hadi Januari 1945. Wakafunga majike wao, wengi wakiwa na mimba, kwenye magari yaliyojaa watoto, vikongwe na magunia ya shayiri, wakashika njia ya magharibi, wengine wakivuka juu ya barafu ya ziwa la chumvi la Vistula, ambako ndege ziliwashambulia na barafu ikapasuka chini ya magurudumu. Wanyama waliolelewa wabebe maafisa kwenye gwaride walivuta mizigo ya wakimbizi kwa mamia ya kilomita.

Waliofika hawakuwa hata mmoja katika kumi ya walioandikwa daftarini kabla ya vita. Kijiji chenyewe kikapewa jina la Yasnaya Polyana, nyumba ya mkuu wa milki ikawa skuli, na sanamu ya shaba ya dume Tempelhüter, iliyozinduliwa mwaka 1932 katika sherehe ya miaka 200, ikachukuliwa Moscow. Walakini wafugaji waliofukuzwa kwao, wasio na shamba wala zizi, waliunda chama huko Hamburg mwaka 1947, wakawatafuta majike wao kijiji kwa kijiji, baadhi yao wakiwa wamefungwa plau katika mashamba ya watu; na katika daftari la chama hicho, hata sasa, haiingizwi damu yoyote ila ya Prussia ya Mashariki, ya farasi wa Kiingereza wa mbio na ya Kiarabu pamoja na machotara ya Kiarabu. Alama yake ni ile ya wakulima, pembe mbili.