Field Day

Field Day ni zoezi la kila mwaka la waendeshaji wa redio ya ridhaa wa Marekani na Kanada, linaloandaliwa na ARRL, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914. Lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1933, na sasa huangukia wikendi kamili ya nne ya Juni. Washiriki hutoka majumbani, hutundika antena za waya mitini au kwenye milingoti, huwasha mitambo kwa jenereta, betri au umeme wa jua, kisha usiku na mchana huwasiliana na vituo vingi kadiri wawezavyo. Kila mawasiliano yana alama, matokeo huchapishwa, na vilabu hujipima navyo mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kuwa ni mchezo tu uliovishwa jina la maandalizi ya maafa. Hoja hiyo haisimami mtu akizisoma kanuni zenyewe, kwa kuwa zimeupindisha ushindani uelekee kwenye stadi ambazo maafa hudai.

Mawasiliano ya sauti hupata alama 1, na ya msimbo wa Morse au ya kidijitali alama 2. Jumla yake huzidishwa kulingana na nguvu ya mtambo: anayetumia wati 5 au chini ya hapo, bila jenereta wala umeme wa gridi, huzidishiwa mara 5, asiyevuka wati 100, mara 2, anayevuka hapo haongezewi kitu. Kati ya wati 100 na wati 5 kuna desibeli 13, tofauti ambayo msikilizaji wa mbali huiona kama ngazi mbili hivi kwenye mita ya kipokezi chake. Kwa mwenye betri, hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno. Mtambo wa wati 100 hunyonya takriban ampia 20 kwenye betri ya volti 12 unaporusha mawimbi, ilhali ule mdogo hutosheka na ampia chache. Kanuni nyingine inapima stadi hizo za maafa kwa saa. Kikundi cha uwandani kinachoanza kufunga vifaa vyake kabla ya zoezi kufunguliwa huruhusiwa kuwa hewani saa 24 tu, na kile kinachosubiri saa ya ufunguzi ndipo kianze kusimamisha mlingoti wa kwanza hupewa saa zote 27. Anayelalamika kwamba maafa hayana tarehe ilhali Field Day inayo, anasema kweli. Saa hizo tatu za ziada ndizo jibu, maana zinamtuza anayeweza kufika mahali patupu na kusikika upesi.

Uwandani pia hufundisha kile ambacho kituo cha nyumbani huficha. Antena ya nusu wimbi kwa bendi ya mita 80 ina urefu wa karibu mita 40, na miti haikuoteshwa kwa kufuata vipimo hivyo. Waya ukining'inia chini, sehemu kubwa ya mawimbi hupanda wimawima na kurudi ardhini ndani ya kilomita mia kadhaa. Anayetaka kufika mbali husikitika, ingawa eneo lililokumbwa na tufani huhitaji hasa masafa hayo ya karibu. Mchana tabaka la chini la ionosfia hulimeza wimbi hilo. Usiku wa Juni ni mfupi, na radi za kiangazi hujaza bendi hiyo mikwaruzo. Mitambo miwili mitatu ikiwekwa kiwanja kimoja huzibana masikio hadi wahusika wajifunze kutenganisha antena na kufunga vichujio. Haya hayajulikani kwa kusoma tu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni juu ya maneno yanayobadilishwa. Kituo hutaja daraja lake, mathalani 3A, na sehemu kilipo, basi. Ujumbe wa maafa una majina, anwani na dawa. Ni kweli kuna alama 100 za ziada kwa kutuma ujumbe rasmi kwa meneja wa ARRL wa sehemu hiyo, lakini mwenye wati 100 huzipata alama hizohizo kwa mawasiliano 25 ya Morse, na mwenye wati 5 kwa mawasiliano 10. Naona tuzo hiyo ni ndogo mno, na waandaaji wangefanya vema kuipandisha. Wanaosema simu zimeifuta kazi hii wana hoja dhaifu zaidi. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaiomba ARRL waendeshaji. 22 walikwenda, wakasaidia kupeleka taarifa za manusura. Walihitajika kwa kuwa waliweza kuwasha kituo pasipo na umeme.

Hata hivyo, kanuni moja imelegezwa. Hadi mwaka 2019, vituo viwili vya nyumbani vinavyotumia umeme wa gridi havikupata alama kwa kuwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe; ilibidi viwatafute wengine, hasa walioko uwandani. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, kizuizi hicho kiliondolewa. Kwa usalama wa watu uamuzi ulikuwa sahihi, ila ulilegeza kamba iliyokuwa ikiwavuta watu nje. Afrika Mashariki iko nje ya eneo la mashindano haya, kwa hiyo kituo cha Kenya au Tanzania hakiwezi kuwasilisha matokeo. Kinaweza kujibu, kuanzia saa tatu usiku Jumamosi kwa saa za Nairobi, kwa kutaja daraja lake na herufi DX, na alama za mazungumzo hayo huandikwa kwa aliye Marekani au Kanada.