Gesi ya kujiokolea: hesabu ya mzamiaji kabla ya kushuka mita 60

Leo nakuandikia nikiwa Siongiroi, kaunti ya Bomet, lakini maneno yangu ni ya baharini.

Nimekuja kumzuru rafiki niliyesoma naye diploma ya ufundi mitambo. Aliishi Likoni miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Mwanawe alikulia huko, ndiyo maana hadi leo kijana huniita ami. Amejifunza kuzamia, anataka kazi ya kutafuta vilivyozama, na amenunua mtambo wa kurudisha pumzi uliokwisha kutumika. Jioni akautandaza mezani.

"Ami, wewe umejaza mitungi ya wazamiaji Diani. Hebu niangalizie."

Mtambo ulikuwa sawa. Kilichonitia hofu ni kimtungi kimoja cha lita 3. Ndicho alichokusudia kujiokolea nacho, mtambo ukiharibika mita 60 chini.

Sisi wa pwani tunakijua kina hicho. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni, ndani yake mama na binti yake. Lilitolewa 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Siku zile wengi waliuliza mbona wazamiaji hawashuki tu wakalifunga kamba. Kulikuwa na mkondo, kulikuwa na giza la maji, na kulikuwa na suala la pumzi. Hilo la pumzi ndilo nitakaloeleza, kwa faida ya vijana wetu wanaotaka kazi hii.

Shinikizo na pumzi

Juu ya maji tunabeba shinikizo la bari 1. Kila mita 10 za kushuka huongeza bari 1 nyingine, kwa hiyo mita 60 ni bari 7. Pumzi moja huko chini hutumia gesi mara saba ya pumzi ya ufukoni.

Hewa ya kawaida haifai kwa kina hicho. Naitrojeni hulevya, na hewa yenyewe huwa nzito hata mapafu yakashindwa kutoa kaboni dayoksaidi vizuri. Kwa hiyo wazamiaji huchanganya heliamu, ambayo ni nyepesi na hailevyi. Mchanganyiko mmoja unaotumika sana una oksijeni asilimia 18, heliamu 45, na naitrojeni iliyobaki. Huitwa trimiksi.

Mtambo unavyofanya kazi

Mtambo huu, wazamiaji huuita ribriza, hautoi mapovu. Pumzi unayotoa huingia kwenye mfuko, hupita kwenye chujio lenye chokaa ya soda inayonasa kaboni dayoksaidi, kisha huongezwa oksijeni na kukurudia. Una mitungi miwili midogo: mmoja wa oksijeni tupu, mwingine wa gesi ya kuchanganyia. Sensa tatu hupima oksijeni ndani ya mzunguko.

Mwili wa mtu anayeogelea taratibu hula kama lita 1 ya oksijeni kwa dakika, awe mita 6 au mita 60. Mtungi wa lita 2 uliojazwa bari 200 una lita 400, kwa hiyo oksijeni yake hutosha saa kadhaa. Hapa ndipo kijana wetu alipodanganyika. Aliona mtungi mdogo unamtosha kwenda, akadhani mdogo mwingine utamtosha kurudi.

Kuutayarisha

Kwanza, pima gesi ya kila mtungi kwa kipimo cha oksijeni na cha heliamu. Andika ubavuni kilichomo na kina cha mwisho cha kukivuta. Oksijeni tupu mwisho wake ni mita 6. Yenye asilimia 50 ni mita 21.

Pili, jaza chokaa mpya na uigongegonge ishikamane. Ikiacha njia, kaboni dayoksaidi hupita bila kunaswa. Fuata muda aliouandika mtengenezaji, wala usiongeze hata kidogo.

Tatu, vuta hewa yote utoke mtambo ukiwa umefungwa, uone kama unabaki umebonyea. Kisha ujaze, uone kama unabaki umevimba. Ukibadilika, unavuja.

Nne, angalia tarehe ya sensa. Sensa huzeeka hata zikikaa kabatini, na zilizozeeka pamoja huweza kukosea pamoja, kwa hiyo tatu kukubaliana si ushahidi kamili. Ukiwa chini, safisha mzunguko kwa gesi ya kuchanganyia uone namba. Yenye asilimia 18 kwenye mita 40, yaani bari 5, lazima isome 0.9. Ikisoma tofauti, sensa inakudanganya.

Tano, weka kiwango cha oksijeni. Wengi huanza na 0.7 juu na kutumia 1.2 au 1.3 chini.

Sita, kabla ya kuingia majini vuta pumzi ya mtambo kwa dakika tano, umekaa, macho kwenye namba. Oksijeni ikipungua mwili hautoi onyo. Mtu huzimika kama taa.

Hesabu ya kujiokolea

Mtambo ukiharibika, unaufunga na kuvuta kutoka mtungi wa pembeni, na pumzi yote inatoka kwa mapovu. Mtu aliyeshtuka huvuta lita 30 kwa dakika au zaidi. Kwenye mita 60, lita 30 mara bari 7 ni lita 210 kila dakika. Kutoka lita 1 hadi lita 210!

Mpe dakika mbili za kutulia na kuanza safari: lita 420. Kupanda hadi mita 21 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika huchukua dakika nne na kidogo, kwa wastani wa bari 5: kama lita 650. Jumla ni karibu lita 1,070, bila kuhesabu vituo vya njiani.

Kimtungi cha lita 3 kina lita 600. Baada ya dakika mbili zile zinabaki 180. Nilimwonyesha kijana kwa kalamu: gesi ingemwishia karibu na mita 50. Akanyamaza.

Mtungi wa lita 11 una lita 2,200. Huo unamfikisha mita 21 na akiba inabaki. Pale anahitaji mtungi wa pili wenye oksijeni asilimia 50 kwa vituo vya kupunguza shinikizo. Tuseme ratiba inamtaka akae dakika 30 kwa wastani wa mita 9. Akiwa ametulia anavuta lita 20 kwa dakika, mara bari 1.9, ni kama lita 1,140. Mtungi wa lita 11 tena, ili ibaki akiba. Mwenzako naye abebe yake. Hesabu ya kugawana si ya kutegemea, kwani mkondo huwatenganisha watu.

Mlima na bahari

Kuna jambo la huku juu. Siongiroi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni dogo kuliko Mombasa. Ukisawazisha sensa huku na mtambo ukadhani uko bari 1, zitasoma zaidi ya oksijeni iliyopo. Utaamini una 1.3 wakati huna, na vituo vyako vya kupanda vitakuwa vifupi kuliko haki. Sawazisha pale pale unapozamia.

Na kurudi vilevile. Baada ya mbizi yenye vituo, subiri angalau saa 24 kabla ya ndege. Wengi husahau kuwa barabara nayo ni ndege. Mtu wa Siongiroi akitoka majini asubuhi na kupanda treni ya kwenda Nairobi mchana, jioni yuko juu kwa zaidi ya mita 1,600, na Limuru ni juu zaidi. Mapovu yaliyobaki mwilini hukua, na viungo ndivyo hulipa.

Kijana aliuliza mitungi miwili itamgharimu kiasi gani. Nilipomtajia bei akaguna, akasema basi atazamia mita 30 kwanza hadi apate fedha, na atatafuta mwalimu wa mtambo huo hasa. Babake, aliyekuwa kimya muda wote, akanimiminia chai nyingine.